SAFARI YA KONGWA NA BWANA MDOGO

Wazee wetu walisema kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza neno moja: ukitembea na mtoto wa miaka mitatu kasoro miezi, utaona mengi zaidi, na mengine ungependa usiyaone.

Agosti iliyopita mama watoto aliniambia, "Baba, mama yangu hajamwona mjukuu wake tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Twende Kongwa." Sisi tunakaa Morogoro, na Kongwa ni ukweni kwangu. Kila mwanamume aliyeoa anajua uzito wa neno hilo. Ukweni mtu huvaa shati lililopigwa pasi, husema kidogo, hula kidogo, na akicheka hucheka kwa kipimo. Nikajiandaa kwa heshima zote hizo. Nililosahau ni kwamba Bwana Mdogo hakujiandaa.

Bwana Mdogo ndilo jina tunalomwita kitinda mimba wetu, kwa sababu tangu siku alipojua kutamka neno "sitaki" amekuwa mtawala wa nyumba, na sisi wengine ni raia wake.

Tulipanda gari la abiria alfajiri. Hata hatujatoka mjini akasema, "Baba, mkojo." Mama yake akamwuliza, "Si umekojoa sasa hivi kabla ya kupanda?" Akajibu, "Ule ulikuwa wa nyumbani. Huu wa gari." Watu wote wakacheka, na dereva, Mungu ambariki, akasimamisha gari. Bwana Mdogo akashuka, akatazama milima ya Uluguru, akamtazama mbuzi mmoja, kisha akasema, "Umekwisha." Wala hakukojoa hata tone. Tukapanda tena.

Tulipita Dumila, tukapita Gairo, na kadiri tulivyokwenda nchi ikawa inabadilika. Ukijani wa Morogoro ukabaki nyuma. Udongo ukawa mwekundu, miti ikawa mifupi yenye miiba, na mibuyu ikaanza kujitokeza mmoja mmoja kama wazee waliosimama kungojea habari. Huo ndio uwanda wa kati wa nchi yetu, ambako mvua huja mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi hata Aprili, na miezi mingine yote ni jua na upepo.

Pale Kibaigwa, penye soko kubwa la nafaka ambalo wafanyabiashara hulijia hata kutoka nchi za jirani, gari lilisimama na wachuuzi wakalizunguka. Nikanunua karanga zilizokaangwa kwa chumvi, nikampa Bwana Mdogo mfuko wake ili tupate utulivu. Karibu nasi alikaa mzee mmoja wa heshima, mwenye kofia na mkongojo. Baada ya kitambo nikasikia mtoto akisema, "Kula, babu," na mzee akipokea karanga, akitafuna, akishukuru. Tena, "Kula, babu," na mzee akala nyingine. Akanigeukia akasema, "Bwana, mtoto wako huyu ana ukarimu. Mmemlea vema." Nami nikajaa fahari. Kumbe nilipoangalia sawasawa, nikaona kwamba kila karanga, kabla ya kumfikia mzee, ilikuwa kwanza inaingia kinywani mwa Bwana Mdogo, inalambwa chumvi yote, ndipo inatolewa sadaka. Wasomaji, mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nilinyamaza. Mzee aliteremka Mbande akiwa na furaha, na mpaka leo hajui.

Sisi nasi tuliteremka hapo Mbande, kwa maana ndipo njia ya Kongwa inapoachana na barabara kuu ya Dodoma. Tukapanda gari dogo, tukaelekea Kongwa.

Karanga zile zilinikumbusha habari iliyolifanya jina la Kongwa lijulikane mbali. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Wakubwa wa huko wakakata shauri kulima karanga katika Tanganyika, ekari kwa mamilioni, na mahali pa kuanzia pakawa Kongwa, mwaka 1947. Wakaleta matrekta kwa wingi, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Wakatandika na reli ndogo kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati. Lakini mibuyu ikavunja mashine, nyuki wakawafukuza madereva, na udongo wa Kongwa, ambao mvua ikiisha hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, ukazishikilia karanga ardhini zisitoke. Mvua nayo haikufuata hesabu za wakubwa. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda na upepo. Reli ikang'olewa baadaye. Wagogo na Wakaguru wa huko, ambao walikuwa wakilima uwele na mtama kwa sababu waliijua mvua yao, waliendelea kulima uwele na mtama.

Wenyeji huongeza na habari nyingine ya heshima. Tangu mwaka 1964, Kongwa ilipokea kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Angola, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Basi usiudharau mji huo mdogo wenye vumbi.

Nayawaza hayo yote ndani ya gari, kumbe jaribu langu mwenyewe linaningoja mbele.

Tulifika nyumbani kwa wakwe saa nane mchana. Mama mkwe alikuwa uani akipeta uwele. Ni mama mwenye umri, mrefu, mwenye maneno machache, na nakiri kwamba kabla ya safari, tukiwa chumbani kwetu, nilipata kumwambia mama watoto kwamba mama yake ni mkali. Nikasimama mbali kidogo kama ilivyo desturi, nikainamisha kichwa, nikatafuta maneno mazuri ya kuamkia. Kabla sijayapata, Bwana Mdogo akapaza sauti: "Baba! Bibi mkali ndiye huyu?"

Nilitamani ardhi ya Kongwa ipasuke inimeze, lakini kama nilivyowaambia, ardhi ile ni ngumu. Mama watoto akajifunika uso kwa khanga. Mama mkwe akauweka ungo chini taratibu, akamwinamia mtoto, akasema, "Ndiye mimi, mume wangu. Na wewe ndiye mume wangu mlegevu uliyenichelewesha miaka miwili?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa maana kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume ndiye mume. Bwana Mdogo hakufurahi. Akaniambia kwa kunong'ona ambako jirani wa tatu angeweza kusikia, "Baba, mimi sina shilingi za kuoa."

Majirani wakaja kutulaki. Mmoja akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Bwana Mdogo akaruka, akaanza kupiga makofi hewani huku na huku. "Mbu yuko wapi?" akauliza. Tangu saa hiyo kila mgeni aliyeingia uani na salamu hiyo alipokewa na mtoto akiwinda mbu.

Shikamoo nayo ilituletea kazi. Nyumbani tulikuwa tumemfundisha kwa juhudi kwamba kila aliye mkubwa kuliko yeye lazima aamkiwe. Neno hilo alilishika kwa ukamilifu kuliko tulivyotaka. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya dume la ng'ombe la babu yake, akasema, "Chikamoo." Ng'ombe akalia mbooo. Akanigeukia kwa furaha, "Amesema marahaba!" Kisha akaenda akauamkia mbuyu ulio nyuma ya nyumba. Mbuyu haukujibu. Akangoja, akauamkia tena, halafu akaja kunishitakia kwamba mti ule hauna adabu.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wa Ugogo ni majani ya porini yanayokaushwa na kusagwa, ukiyapika huteleza na kuvutika kama uzi. Mimi ukweni hula kwa adabu, nikikata tonge dogo, nikilizungusha ili uzi ukatike. Bwana Mdogo aliuvuta uzi wake kutoka bakulini mpaka juu ya kichwa chake, akauzungusha sikioni, akaangalia kama utafika kwa kuku. Baadaye akauchunguza ugali, ambao kwa uwele huwa wa kijivu, si mweupe kama wa mahindi aliouzoea, akatangaza, "Ugali huu haujanawa."

Mama mkwe akamtazama. "Ugali ni rangi yake, mume wangu," akasema. "Je, na hayo matongotongo yako, nayo ni rangi yako?"

Wote tukacheka, lakini yeye hakucheka. Akamwita mtoto, akamweka baina ya magoti yake karibu na taa, akamwangalia macho kwa muda mrefu. Nikaona sasa kwamba alikuwa akimwangalia kwa jicho moja tu, la kulia. La kushoto lilikuwa na utando mweupe. Nilikuwa nalijua jicho hilo tangu nilipooa, ila sikuwahi kuuliza, kwa kuwa mkwe haulizi.

Wasomaji, inzi wa Kongwa wakati wa kiangazi ni wengi, hasa mahali penye ng'ombe. Hutua kwenye uso wa mtoto, pembeni mwa macho na chini ya pua, na mtoto akishawazoea hata hawafukuzi. Na Bwana Mdogo alikuwa na uadui na jambo moja tu duniani, nalo ni kunawishwa uso. Nyumbani kunawisha uso wake kulikuwa vita. Mimi nashika miguu, mama yake anashika kichwa, mtoto anapiga kelele kama anachinjwa, na mara nyingi mwisho wake ni mama yake kuloweka ncha ya khanga kwa mate na kumpangusa upesi akilala. Huko safarini tulikuwa tumeiacha kabisa vita hiyo, tukisema, tuko ugenini, maji ni haba, tusiwaaibishe wakwe kwa kelele.

Siku ya tatu macho ya Bwana Mdogo yakawa mekundu, na asubuhi kope zilikuwa zimeshikana kwa usaha asiweze kuyafumbua. Siku hiyo hapakuwa na kicheko. Akawa ananyosha mikono gizani akiita, "Baba, washa taa," na kumbe jua lilikuwa limekwisha kupanda. Sauti ile bado naisikia.

Mama mkwe hakunena neno la lawama. Akachemsha maji kidogo, yakapoa, akayalainisha macho yale kwa kitambaa safi mpaka yakafumbuka, kisha akatuambia twende zahanati. Muuguzi akamgeuza mtoto ukope wa juu, akautazama upande wa ndani, akasema, "Mmewahi. Vikope havipofushi mtu kwa siku moja, hupofusha kwa miaka." Akatupa dawa ya macho ya kupaka, akatuagiza tumnawishe uso kila siku. Nikaona aibu. Nilikuwa nimekuja na shati la pasi, na mtoto mwenye uso mchafu.

Jioni ile mama mkwe aliketi mlangoni, na kwa mara ya kwanza akanieleza habari ya jicho lake. Alisema kwamba utotoni mwao karibu kila mtoto alikuwa na macho mekundu, na hakuna aliyeona ni ugonjwa. Ugonjwa huo huitwa vikope, au trakoma. Husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mikono, na nguo ya kupangusia inayotumiwa na wengi, na inzi watokao uso mmoja kwenda mwingine. Mtoto huugua, hupona, huugua tena. Kila mara ukope hupata kovu upande wa ndani, na makovu yakizidi huukunja ukope, kope zikaelekea ndani na kukwaruza mboni. Ndiyo maana upofu wa vikope huwashika watu wazima, ingawa mbegu yake hupandwa utotoni. Nao huwashika wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo na kuwapangusa.

"Kope zilikuwa kama miiba ya mgunga," alisema mama mkwe. "Nilikuwa nazing'oa kwa kibano, nazo zinaota tena. Nikipika moshi ulikuwa adui, nikienda kisimani jua lilikuwa adui. Hili la kushoto likaenda. Hili la kulia waliliwahi, wakanipasua ukope na kuugeuza nje. Kwa hili ndilo namwona mume wangu. Basi, mkwe, jicho lake yeye lisiende kwa ajili ya kelele zake za asubuhi."

Kisha akatusimulia habari ambayo baadaye nimeikuta pia katika maandishi ya wataalamu. Kongwa, iliyosifika kwa karanga zilizoshindwa, imesifika pia kwa jambo lililofaulu. Katika miaka ya 1980 walianza kuja huko wataalamu wa macho wa Tanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Walitaka kujua kwa nini vikope ni vingi hivyo. Watu wengi walidhani sababu ni uhaba wa maji tu, na kwamba pasipo bomba mtoto hawezi kuwa safi. Lakini walipofuatilia nyumba kwa nyumba waliona kwamba si wingi wa maji yaliyofika nyumbani uliotofautisha watoto. Jambo kubwa lilikuwa kama katika maji hayo, hata yakiwa machache, kuna kidogo kilichotengwa kwa ajili ya uso wa mtoto.

Ndipo wakafanya jaribio katika vijiji sita. Watoto wa vijiji vyote walitiwa dawa ya macho kwa siku 30. Halafu katika vijiji vitatu kati ya hivyo, watu walikutanishwa, wazee, akina mama, akina baba na walimu, wakazungumza wenyewe namna ya kuziweka nyuso za watoto katika hali ya usafi. Watoto wakaangaliwa kwa muda wa mwaka. Vijiji vile vitatu vilikuwa na nyuso safi zaidi, na vikope vikali vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1995 katika jarida la waganga liitwalo The Lancet, na ikasomwa dunia nzima. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mambo manne juu ya vikope: kupasua kope zilizokunjika, kutoa dawa, kunawa uso, na kutengeneza mazingira, yaani maji na vyoo, kwa kuwa inzi hao hupenda kuzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Na katika hayo manne, la uso safi lilipimwa pale Kongwa, katika nyuso za watoto kama Bwana Mdogo.

Mimi nikabisha kidogo. Nikasema, "Mama, lakini maji ya hapa yanachotwa mbali." Mama mkwe akaitika, "Ndivyo tulivyobisha sisi sote." Akachukua kopo la lita moja, akalijaza, akatuma watoto wa jirani waitwe. Wakaja na vumbi lao. Akawapanga mstari, akamimina maji kidogo kidogo katika viganja vya kila mmoja, huyu akanawa, huyu akanawa. Mimi nikahesabu. Walinawa watoto 11, na kopo lilikuwa bado halijakauka. Sikubisha tena.

Lakini nani atamnawisha Bwana Mdogo? Hapo ndipo nilipojifunza ulezi. Sikumwona mama mkwe akimshika mguu wala kichwa. Alileta kidumu kidogo cha lita tatu, akakitoboa karibu na shingo, akakitundika kwenye mti mdogo, akakifunga kamba inayoshuka mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama na maji yanachuruzika. Wengi wenu mnakijua, ndicho kibuyu chirizi. Akakaa chini, akaanza kupeta nafaka yake, asiseme kitu.

Bwana Mdogo akakaribia. Akakitazama kijiti. Akakikanyaga. Maji yakatoka. Akaruka nyuma, akacheka, akakikanyaga tena. Mama mkwe akasema kama anayejisemea, "Wakubwa wote hunawa hapo. Ila mume wangu sidhani kama anaweza, bado mdogo." Loo! Uso ulinawiwa mara moja, mara tano, mara kumi, mpaka kidumu kikaisha na shati likawa la kukamua. Kisha akamkamata kuku akitaka kumnawisha, na kuku akakataa kwa kelele zile zile ambazo Bwana Mdogo alikuwa akizipiga nyumbani. Mtoto akashangaa, akasema, "Bibi, huyu kuku ni mkorofi."

Kesho yake bibi akampa cheo. Akamwambia, "Mume wangu, tangu leo wewe ndiwe bwana afya wa boma hili. Kila asubuhi kagua nyuso." Wasomaji, sijapata kuona mtumishi mwenye bidii namna ile. Aliwakagua watoto wa jirani, akamkagua mama yake, akamkagua ng'ombe baada ya kumwamkia kwanza. Mwenye tongotongo alishikwa mkono akapelekwa kwenye kidumu. Maji yakapunguzwa, akapewa kopo moja tu kwa asubuhi nzima, naye akayatunza kama mwenye duka anavyotunza sukari.

Nami sikusalimika. Asubuhi ya siku ya sita nilichelewa kuamka. Nikasikia wazee wamekuja kumwona baba mkwe, na mama mkwe yupo uani akiwakaribisha. Nikatoka haraka nimevaa shati la pasi, nikasimama kwa heshima, nikaanza kuwaamkia mmoja mmoja. Bwana Mdogo akaja, akainua uso wake, akanikagua kwa makini, akaipaza sauti yake ya serikali: "Baba ana matongotongo! Makubwa! Mawili!"

Wazee wakainamisha vichwa wasinione, mabega yao yakitetemeka. Mtoto akanishika kidole, akaniongoza mbele ya wakwe wote mpaka kwenye kidumu. Nilikanyaga kijiti. Nikanawa. Akanikagua tena, akasema, "Haya, sasa amkia." Nikarudi nikaanza salamu upya. Mama mkwe, ambaye kwa miaka sita nilimwona mkali, alikuwa ameshika nguzo asianguke kwa kicheko.

Wazazi wenzangu, siandiki haya ili nijisifu, kwa maana mmeona mwenyewe niliaibika mara ngapi. Naandika kwa sababu tulikuwa tumefanya uso wa mtoto kuwa uwanja wa vita, na tulipochoka na vita tukauacha uwe wa inzi. Lita moja haikosekani nyumbani, hata mwezi wa Oktoba. Kidumu kibovu hakikosekani. Mweke mtoto awe mwenye kazi, usimfanye mateka. Kila mmoja awe na kitambaa chake, na ncha ya khanga iache shughuli hiyo. Na ukiona macho mekundu yasiyopona, usingoje mpaka mtoto akuombe umwashie taa mchana. Nenda zahanati.

Siku ya kuondoka macho ya Bwana Mdogo yalikuwa meupe na maangavu. Aliuaga mbuyu, ingawa bado alikuwa na kinyongo nao. Akamwaga ng'ombe. Gari lilipoanza kuunguruma, mama mkwe alisimama kando ya njia, na jicho lake la kulia likajaa machozi. Akashika ncha ya khanga yake apanguse.

Bwana Mdogo akachomoza kichwa dirishani, akapiga kelele iliyosimamisha shughuli zote za kituo: "Bibi! Si khanga! Maji!"

Naye mama mkwe, mbele ya watu wote, akaishusha khanga.